Tasa ya Tarakimu 77

Hii hapa:

57896044618658097711785492504343953926634992332820282019728792003956564819949

Usijaribu kuisoma kwa sauti, pumzi itakuishia njiani. Ina tarakimu 77. Ukituma ujumbe WhatsApp, hata ile "umefika salama?" ya kawaida, namba hii inafanya kazi chini kwa chini ili anayechungulia njiani asisome ulichoandika. Watu wa hisabati huiandika kwa ufupi: 2 kipeo cha 255, toa 19. Yaani unazidisha 2 kwa 2, kwa 2 tena, mpaka zifike 2 mia mbili hamsini na tano, halafu mwishoni unapunguza 19.

Ni namba tasa. Haigawanyiki na namba nyingine yoyote bila kubakisha, isipokuwa 1 na yenyewe. Na si siri. Imechapishwa, imejadiliwa, mwizi anaijua, serikali inaijua, na sasa wewe pia unaijua. Swali langu ni hili: namba ambayo kila mtu anaijua inalindaje siri ya mtu yeyote? Jibu lake limechukua karne nyingi kupatikana, na nadhani linatuhusu sisi Wakenya kuliko tunavyodhani.

Tuanze na hilo jina. Kwetu huku, kuanzia Mghange juu milimani hadi Voi mjini, "tasa" si neno la kumwambia mtu. Husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi humwangukia mwanamke hata kabla mtu hajauliza kuhusu mume. Waliolichukua wakalipeleka kwenye hisabati huenda waliona kitu kisichogawanyika, wakasema basi hakizai. Lakini hisabati yenyewe inasema kinyume kabisa. 12 ni 2 × 2 × 3. 100 ni 2 × 2 × 5 × 5. Kila namba nzima inayozidi 1 ama ni tasa, ama imetokana na tasa zilizozidishwa pamoja, na kwa njia moja tu. Kwa hivyo ukifuata ukoo wa namba yoyote hadi mwisho, utakaowakuta pale ni tasa. Hao unaowaita wagumba ndio mababu.

Tena hawaishi. Euclid, aliyefundisha Alexandria, Misri, kama miaka 300 KK, alionyesha hivi: chukua tasa zote unazozijua, zizidishe zote pamoja, kisha ongeza 1. Namba utakayoipata, ukiigawa kwa tasa yoyote kati ya zile ulizokuwa nazo, itabakisha 1. Kwa hivyo lazima kuna tasa nyingine ambayo haikuwa kwenye orodha yako. Ndefu namna gani orodha yako, haijalishi.

Na si lazima tuanzie Alexandria. Mwaka 1950, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua kifupa kidogo Ishango, mashariki mwa Kongo, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Kina mikato iliyopangwa kwa mafungu, na safu moja inasomeka 11, 13, 17, 19. Hizo ndizo tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. De Heinzelin aliona hapo mchezo wa hesabu. Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi. Wengine wanasema ni mikato ya kushikia tu ili kifupa kisiteleze mkononi. Kwa hivyo sitasimama hapa niape kwamba watu wa Semliki walizijua tasa. Kilicho wazi ni kwamba mtu alikaa chini pale ziwani, akakata alama moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Kifupa chenyewe kiko Brussels.

Sasa, tasa inafanya kazi gani? Kuelewa hilo hatuhitaji tarakimu 77. Saba inatosha, na Kidawida kinaiita kwa jina zuri: mfungade. Kiswahili nacho kilikuwa na mfungate, kabla ya saba ya Kiarabu kuisukuma pembeni. Imebaki kwenye fungate, zile siku saba za maarusi.

Tuseme kuna mama wa Mghange anayeteremsha mboga hadi Voi, akipitia Mwatate. Ameanza Jumatatu, na safari zake zinapishana kwa siku tatu. Atashuka Jumatatu, Alhamisi, Jumapili, Jumatano, Jumamosi, Jumanne, Ijumaa, kisha arudi Jumatatu. Amepita siku zote za wiki bila kuruka hata moja. Akibadilisha zipishane kwa mbili, au nne, au tano, matokeo ni yale yale. Wiki ina siku saba, na saba ni tasa.

Linganisha na saa ya ukutani. Anzia 12, ruka tatu tatu: 3, 6, 9, 12, kisha unarudia. Hutaiona 1 maisha yako yote, wala 2, wala 5. Kumi na mbili inagawanyika, na ndiyo maana kuna sehemu zake hazifikiki kwa hatua hizo. Ukizidisha mambo yanaharibika zaidi: kwenye mzunguko wa 12, 3 mara 4 inakurudisha mwanzoni kabisa, kana kwamba umezidisha kwa sifuri. Namba mbili nzima zimemezana. Kwenye mzunguko wa tasa jambo hilo haliwezekani. Hakuna kinachopotea, na kila kuzidisha kuna kugawanya kwake kwa kukurudisha ulikotoka.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliandika sifa nyingine. Chukua tasa, sema 7. Chukua namba yoyote ndogo kuliko hiyo, sema 3. Ipandishe kwa kipeo cha 6, yaani moja pungufu ya 7. Unapata 729. Gawanya kwa 7, inabaki 1. Itabaki 1 daima, kwa tasa yoyote utakayochagua. Namba ikifeli mtihani huu unajua papo hapo kwamba si tasa, hata kama hujakiona kigawanyo chake hata kimoja. Lakini kufaulu peke yake hakutoshi. 561 hufaulu ukiijaribu kwa 2, kwa 5 au kwa 7, ilhali ni 3 × 11 × 17. Kuna namba zenye sura ya tasa na tabia nyingine ndani.

Ndiyo maana tasa kubwa huhitaji uthibitisho. Kwa namba yetu huwezi kukaa ukijaribu vigawanyo kimoja kimoja. Ungelazimika kufika hadi namba zenye tarakimu 39, na hata ukijaribu bilioni moja kila sekunde, umri wote wa ulimwengu hadi leo haungetosha. Inabidi utumie akili, na historia ya tasa kubwa kwa kweli ni historia ya watu kutafuta njia za mkato zisizodanganya.

Leonhard Euler alifanya hivyo mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, macho yake yakiwa karibu yameisha kabisa. Alithibitisha kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Kwa kujua vigawanyo vyake, kama vingekuwepo, vingekuwa na umbo gani, aliipunguza kazi ikawa ya kugawanya mara 372 tu kwa uchache huo. Namba hiyo ilibaki kuwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa miaka mingi.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1811, Mwingereza Peter Barlow akaandika kitabu cha nadharia ya namba. Kuhusu namba kamilifu inayotokana na tasa hiyo ya Euler, alisema hakuna atakayewahi kupata kubwa zaidi. Sababu yake haikuwa ya kihisabati. Alisema vitu hivi ni vya kushangaza tu, havina faida, kwa hivyo nani atajisumbua?

Nilipofika hapo nilicheka, kwa sababu ninaijua hiyo sauti. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na chuoni na nyumbani swali lilikuwa moja: hiyo itakusaidia nini? Ni swali la haki kwa mzazi anayelipa karo kwa pesa za kabichi. Lakini limejaa dhana kwamba anayeuliza anajua tayari kesho itahitaji nini. Barlow hakujua. Ile 2,147,483,647 ndiyo namba kubwa kabisa inayoingia kwenye nafasi moja ya kawaida ya biti 32 ndani ya kompyuta. Mitambo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na sekunde hizo zitaifikia tasa ya Euler tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Kenya. Mtambo ambao haujarekebishwa utadhani umerudi mwaka 1901. Hicho ndicho kitu kisicho na faida.

Faida yenyewe kubwa ilikuja 1976. Kabla ya hapo, watu wawili waliotaka kuandikiana kwa siri walihitaji kwanza kukutana, au kumwamini mjumbe, ili wapeane ufunguo. Whitfield Diffie na Martin Hellman, Wamarekani, wakaonyesha kwamba mnaweza kukubaliana ufunguo mbele ya kila mtu, na bado asiujue mtu. Ndani ya shirika la ujasusi la Uingereza, GCHQ, Malcolm Williamson alikuwa amefikia wazo hilo hilo miaka miwili mapema, lakini waliokuwa juu yake walilifungia, na umma haukuambiwa hadi 1997.

Chukua kalamu, hii inafanyika kwa mkono. Mama yuko Mghange, binti yake yuko Nairobi, na katikati yuko mtu anayesikiliza kila kitu. Wanakubaliana waziwazi kutumia tasa 17, ile ya kifupa cha Ishango, na namba 3. Mama anachagua namba yake ya siri, 6. Anapandisha 3 kwa kipeo cha 6, anapata 729, anagawanya kwa 17, inabaki 15. Anatuma 15. Binti anachagua siri yake, 7. 3 kipeo cha 7 ni 2,187, gawanya kwa 17, inabaki 11. Anatuma 11.

Sasa mama anachukua ile 11 aliyotumiwa, anaipandisha kwa siri yake, 6, na baada ya kugawanya kwa 17 inabaki 8. Binti anachukua 15, anaipandisha kwa siri yake, 7, na kwake pia inabaki 8. Wote wana 8. Hakuna aliyeituma 8. Yule msikilizaji amesikia 17, 3, 15 na 11, na 8 haimo.

Kwa 17 msikilizaji atajaribu siri zote 16 na kumaliza kabla chai haijapoa. Kwa tasa kubwa ya kutosha hana pa kuanzia. Kwenda mbele ni rahisi, ila kurudi nyuma kutoka kwenye baki hadi kwenye siri ndiko hakuna anayejua njia ya haraka kwa kompyuta tulizonazo. Mfumo ulio kwenye simu yako una tabaka la ziada, kwa sababu badala ya kuruka juu ya namba tupu unaruka juu ya nukta za mchoro uliopinda, na mchoro huo unaitwa Curve25519. Likate jina hilo vipande viwili: 255 na 19. Tasa yetu imekaa hapo ndani. Mchoro huo umo kwenye mfumo wa Signal, na WhatsApp ilimaliza kuuweka mfumo huo kwa watumiaji wake wote Aprili 2016.

Aliyeichagua tasa hiyo ni Daniel J. Bernstein, na yeye ana kesi yake. Miaka ya tisini alikuwa mwanafunzi wa Berkeley, ameandika programu ya kusimba ujumbe, anataka kuichapisha. Sheria za Marekani wakati huo ziliweka vitu kama hivyo kwenye orodha moja na silaha. Ukitaka kuvitoa nje ya nchi, uombe leseni. Mwaka 1995 aliishtaki serikali. Mwaka 1996 Jaji Marilyn Hall Patel akaamua kwamba programu iliyoandikwa ni usemi, na usemi unalindwa na katiba yao. Mabishano yaliendelea, lakini kufikia mwaka 2000 serikali ilikuwa imelegeza masharti yenyewe.

Mwaka 2005 Bernstein akatoa Curve25519, na akaandika kwa nini alichagua tasa hiyo na si nyingine. Alitaka tasa iliyo karibu sana na kipeo cha 2, kwa sababu kompyuta huzipiga hesabu hizo kwa haraka. Alitaka ukubwa unaojaa vizuri kwenye nafasi za kompyuta. Zilibaki chache tu za kuchagua, zikiwa umbali wa 19, 31, 39, 51, 79 au 95 kutoka kwenye kipeo. Kumi na tisa ndiyo ndogo. Basi. Hakuna "wataalamu wameamua," hakuna "niamini."

Umuhimu wa maelezo hayo ulionekana 2013. Nyaraka za Edward Snowden zilizidisha shaka iliyokuwepo tangu 2007 kuhusu mfumo mmoja wa kutengeneza namba za siri, uliokuwa umeidhinishwa kuwa kiwango rasmi cha Marekani. Ulikuwa na namba ambazo chanzo chake hakikuelezwa, na aliyezitengeneza angeweza kubaki na mlango wa nyuma. Mwaka 2014 mfumo huo uliondolewa. Wahandisi wengi baada ya hapo walitaka namba zilizo na maelezo, na 2 kipeo cha 255 toa 19 ilikuwa nayo tayari. Hili ndilo jibu la swali la mwanzo. Namba ya wote inalinda siri ya mmoja kwa sababu siri haimo ndani yake. Siri ni ile 6 ya mama na 7 ya binti. Tasa ni uwanja tu, na uwanja unapaswa kuwa wazi ili kila mtu aone haujachimbwa mashimo.

Sisi tuna historia nyingine na namba. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika wa miaka 16 kwenda juu kusajiliwa. Ulipewa namba, ukachukuliwa alama za vidole, ukabeba karatasi yako ndani ya kibweta cha chuma shingoni. Kipande. Ukitoroka kazi shambani, namba hiyo ndiyo iliyokutafuta. Nani alichagua namba? Kwa nini? Hukuwa na ruhusa ya kuuliza. Kilidumu hadi 1947.

Mwaka 2019 tulipanga foleni tena, safari hii kwa Huduma Namba. Ila sasa watu waliuliza, tena mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa DNA na wa mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Oktoba 2021 ikasema utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari kwa taarifa za watu. Ukiondoa majoho na mawigi, swali lilikuwa lile lile alilolijibu Bernstein bila kuulizwa: kwa nini hii, na tutahakiki vipi?

Nisiiuze tasa kupita kiasi. Inalinda maneno yakiwa njiani. Mtu akishika simu yako ikiwa wazi mkononi, tarakimu 77 hazikusaidii kitu. Na kufuli haliizuii serikali kuifunga barabara: Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Kenya mtandao ulivurugika tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bungeni. Ujumbe ambao haujaondoka hauhitaji kufichwa.

Tena kufuli lenyewe lina mwisho wake. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta za kwanta, zikijengwa kubwa za kutosha, zitaweza kurudi nyuma kutoka kwenye baki hadi kwenye siri. Agosti 2024 Marekani ilitoa viwango vya kwanza vya kufuli mpya, na kidogo kidogo zinaingia kwenye simu zetu. Tasa yetu itastaafu. Haitagawanyika kwa sababu ya hilo, itaendelea kuwa tasa.

Kufuli mpya zikija, ziulizwe zilikotoka namba zake na nani alizichagua. Na wewe unayesema hisabati si yako, umeshaona 17 ikifanya kazi. Mtafute mtu, kila mmoja achague siri yake kati ya 2 na 15, mpigiane kelele namba mbele ya nyumba nzima. Mkipata jibu moja, mnajua kitu ambacho wengine wote waliokuwa wakisikiliza hawakijui.